Hesabu Isiyotaka Jibu

Mtihani wa GMAT, unaotumiwa na vyuo vya biashara kuchuja waombaji wa shahada ya uzamili, una aina ya swali ambalo ukilikokotoa mpaka mwisho unapoteza muda bure. Unapewa swali na taarifa mbili, lakini hutakiwi kutoa jibu lake. Unachoulizwa ni kama taarifa hizo zinatosha kulipata: ya kwanza peke yake, ya pili peke yake, zote mbili kwa pamoja tu, yoyote kati ya hizo, au hata zikiunganishwa hazitoshi. Machaguo ni hayo matano, hayabadiliki.

Tujaribu moja. Mwalimu amenunua kalamu za shilingi 700 na madaftari ya shilingi 1,100. Kalamu ni ngapi? Taarifa ya kwanza: alilipa shilingi 4,700. Taarifa ya pili: vitu vyote ni vitano.

Aliyeiva kwa aljebra ya sekondari ataona vitu viwili visivyojulikana, atadai milinganyo miwili, na atachagua "zote kwa pamoja". Hapo amenasa. Kalamu hainunuliwi nusu, na sharti hilo dogo lina nguvu kuliko linavyoonekana. Ukitaka kubadili idadi bila kugusa jumla ya malipo, huna budi kutoa kalamu 11 na kuweka madaftari 7, au kinyume chake, kwa sababu shilingi 7,700 ndiyo bei ndogo kabisa ambayo kalamu tupu na madaftari matupu hukutana. Mtu aliyelipa 4,700 hana kalamu 11 za kutoa, wala madaftari 7. Basi jibu ni moja tu, na taarifa ya kwanza inatosha. Ya pili peke yake haifiki popote: kalamu zinaweza kuwa moja, mbili, tatu au nne.

Mpaka hapa hatujajua kalamu ni ngapi. (Ni mbili, ila hilo halina alama.)

Malipo yakiwa 12,400, mambo yanageuka. Kalamu 2 na madaftari 10 hufikisha kiasi hicho. Kalamu 13 na madaftari 3 pia. Sasa ndipo tungehitaji kuambiwa idadi ya vitu vyote. Milinganyo ya namba nzima kama hii imepewa jina la Diophantus, mwanahisabati wa kale wa Alexandria, Misri.

Kukanusha utoshelevu ni kazi nyepesi: tafuta mifano miwili inayoitii taarifa lakini inatoa majibu tofauti. Ukiambiwa mraba wa x ni 9, weka 3, kisha weka −3, umemaliza. Kuuthibitisha ni kazi nyingine kabisa, maana hata mifano mia haitoshi. Inatakiwa sababu, kama ile ya kalamu 11 kwa madaftari 7. Mtego mwingine ni neno "hapana". Swali likiwa "je, x ni chanya?" na taarifa ikasema x ni ndogo kuliko −2, jibu ni hapana bila shaka yoyote, kwa hiyo taarifa inatosha. Wengi hapo hujibu kwamba haitoshi.

Shule ina mkono wake katika haya. Karibu na mwaka 1980, watafiti wa Grenoble, Ufaransa, waliwauliza watoto wa shule ya msingi: melini kuna kondoo 26 na mbuzi 10, nahodha ana umri gani? Kati ya watoto 97, 76 walipata umri kutokana na namba hizo. Sioni haja ya kuwacheka. Miaka 36 ni umri wa kuaminika kabisa kwa nahodha, na nani alikuwa amewahi kuwapa swali lisilo na jibu?

Tangu toleo jipya la GMAT lilipoanza mwishoni mwa 2023, maswali haya yamo katika sehemu ya uchambuzi wa data: maswali 20 kwa dakika 45, na kikokotoo kinaruhusiwa. Kwa swali la kalamu, sijui ungekibonyeza nini.