Durance: mto wa mawe unaofua umeme

Je, wajua kwamba kusini mwa Ufaransa kuna mto ambao sehemu kubwa ya maji yake haipiti tena mtoni? Durance hushuka kutoka milima ya Alpi kwa zaidi ya kilomita 300, hadi unapoungana na Rhône karibu na Avignon. Watu wa zamani wa Provence, eneo hilo la kusini, waliutaja kuwa moja ya balaa tatu za nchi yao, pamoja na upepo wa mistral na Parlement, mahakama yao kuu. Ukorofi wake ulitokana na mawe. Mlima huushushia mto kokoto nyingi kuliko zile ambazo maji yanaweza kuzisukuma. Nguvu ikipungua, kokoto hutua katikati ya mkondo, maji yakagawanyika kuzizunguka, na kila tawi nalo likatua mzigo wake, mpaka bonde zima likajaa vijito vinavyoachana na kukutana tena mithili ya miyaa ya ukili. Mafuriko yakija, mpangilio wote huvurugwa ukaanza upya.

Sheria ya Januari 1955 ilikusudia kuumaliza ukorofi huo kwa malengo matatu: kuzuia mafuriko, kumwagilia mashamba na kufua umeme. Bwawa la Serre-Ponçon, tuta la udongo lenye kimo cha zaidi ya mita 120, likazamisha vijiji vya Savines na Ubaye, likapata uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo bilioni 1.27, ambapo milioni 200 zimetengwa kwa kilimo. Chini yake, maji huingizwa kwenye mfereji wa takriban kilomita 250 unaopitia mtambo mmoja baada ya mwingine. Mitambo ya Durance na Verdon, kijito chake, inaweza kuingiza megawati 2,000 kwenye gridi ndani ya dakika kumi. Anayedai mradi huu ulikuwa kosa ana kazi ya kueleza Provence ingekunywa nini na kulima nini wakati wa kiangazi.

Hata hivyo, hoja iliyouzaa, kwamba maji na kokoto zinazokwenda zao ni hasara tupu, haikubaliani na ushahidi. Mto ulioachiwa sehemu moja tu ya arobaini ya maji yake ulikosa nguvu ya kupindua kokoto. Mierebi na mipopla ikaota juu ya mafungu yaliyokuwa yakihamahama, mizizi ikanasa tope, mafungu yakainuka na njia ya maji ikawa nyembamba. Wachimbaji wa kokoto nao walishusha kitako cha mto mahali pengi. Mafuriko madogo, ambayo zamani yalifagia bonde, yakakoma. Makubwa hayakukoma: Januari 1994 yalirudi, kwa sababu mvua nyingi ilinyesha chini ya bwawa.

Mwisho wa mfereji unathibitisha hivyo hivyo. Tangu 1966 maji yake yamekuwa yakimwagwa kwenye Étang de Berre, ziwa la pwani lenye maji ya chumvi, pamoja na tope ambalo zamani lilifuata mto. Viumbe wa maji ya chumvi wakapungua, na mwaka 2004 mahakama ya Ulaya ikaitia Ufaransa hatiani. Leo umwagaji umewekewa kikomo cha mita za ujazo bilioni 1.2 kwa mwaka.

Wapo watakaosema dawa ni kuziba kila mwanya wa upotevu mashambani. Tambarare ya Crau, huko huko Provence, inawajibu. Huko wakulima hufurikisha malisho kwa maji ya Durance, tangu mifereji ya mhandisi Adam de Craponne ya karne ya 16, na nyasi zao kavu zina hadhi ya jina la asili tangu 1997. Maji yanayozama ardhini, ambayo mhandisi huyahesabu kuwa yamepotea, hujaza kiasi cha asilimia 70 ya hifadhi ya maji ya chini ya ardhi inayonywesha miji jirani. Ukibana umwagiliaji bila kupima hilo, visima vitakauka.

Mwaka 2014 kiwango cha maji yanayobaki mtoni kiliongezwa maradufu, kikawa sehemu moja ya ishirini. Ni hatua ya haki, ila bado ni ndogo. Mto kama huu hautunzwi kwa maji peke yake. Unahitaji pia kokoto zake na mafuriko ya kuzisukuma, na gharama hiyo ihesabiwe ndani ya bei ya umeme.