Wimbo Huu ni wa Nani?

Harusini hapa kwetu Jomvu Kuu nyimbo za marehemu Juma Bhalo bado zapendwa. Lakini ukiuliza mashairi ni ya nani, wengi watakwambia, "Si yake mwenyewe?" La hasha! Mengi alitungiwa na jamaa yake, Ahmad Nassir, yule yule wa *Malenga wa Mvita* (1971).

Basi wimbo mmoja waweza kuwa na wenyewe watatu: mtunzi, mwimbaji na aliyegharamia kurekodi. Kila mmoja ana haki yake. Haki ya mtunzi ndiyo inayosimamiwa na mchapishaji wa muziki. Msidhani huyu ni mpiga chapa vitabu! Kazi yake ni kuusajili wimbo, kumpa ruhusa anayetaka kuurekodi au kuutia katika filamu, kukusanya malipo, kisha kumpa mtunzi fungu lake baada ya kukata lake.

Je, jina la mtunzi likiwa na utata? Tutazame "Malaika". Fadhili William aliurekodi Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika studio ya Equator. Mwaka 1965 Miriam Makeba na Harry Belafonte wakautoa Marekani, na 1981 Boney M wakauimba Ulaya. Wimbo ukazunguka dunia nzima. Huku nyuma wakazuka wengine wakidai ni wao waliotunga, akiwemo Lucas Tututu wa papa hapa Mombasa. Fadhili akafariki 2001, na ubishi haujakwisha. Ubishi huu si wa sifa tu, kwani pesa hufuata jina lililoandikwa.

Hapa Kenya, chama cha MCSK kilianzishwa 1983 ili kuwakusanyia watunzi malipo ya nyimbo zinazopigwa redioni, hotelini na kwengineko. Sheria ya mwaka 2001 nayo yamlinda mtunzi maisha yake yote, na warithi wake miaka 50 baada ya kufa kwake. Lakini wimbo ulioko kichwani tu haulindwi, mpaka uandikwe au urekodiwe.

Kwa hivyo, enyi malenga chipukizi, andikeni tungo zenu, mtie jina na tarehe. Mkipewa mkataba, ulizeni kwanza: nauza haki yangu moja kwa moja, ama natoa ruhusa kwa muda? Nasi wasikilizaji tusiwasahau watunzi. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.