Simfoni Iliyofumuliwa na Mwenyewe

Agosti 1887, akikaribia miaka 63, mtunzi Anton Bruckner wa Vienna alikamilisha Simfoni ya Nane. Akampelekea Hermann Levi, mwongozaji wa okestra mjini Munich. Levi hakuwa mtu baki: mwaka 1885 aliongoza Simfoni ya Saba mjini humo, ikashangiliwa sana. Oktoba jibu likaja. Kazi mpya haikumwingia Levi akilini. Akamshauri mtunzi aipitie upya.

Lawama za mhakiki Eduard Hanslick wa Vienna Bruckner alikwishazizoea. Neno la rafiki lilimchoma zaidi. Aliumia sana, kisha akaifumua simfoni nzima, na hakuimaliza tena hadi Machi 1890.

Mimi ni mwalimu wa kwaya, na matoleo yote mawili nimeyasikiliza nikifuata nota. Katika lile la 1887, sehemu ya kwanza inaisha kwa kishindo, okestra yote ikipiga kwa nguvu. Katika lile la 1890 kishindo hicho hakipo. Muziki unafifia kidogo kidogo mpaka unakatika. Ushindi sasa unasubiri mwisho wa sehemu ya nne, na msikilizaji anaufikia baada ya zaidi ya saa nzima ya kuutamani. Katika sehemu ya tatu, ile ya taratibu, matoazi yaliyolia mara sita sasa yanalia mara mbili tu, na kila pigo lina uzito wake. Kwangu mimi, toleo la pili ni bora, na bila barua ya Levi tusingelipata.

Tarehe 18 Desemba 1892 Hans Richter aliiongoza simfoni hiyo mjini Vienna, na ukumbi ukamshangilia mzee Bruckner.

Lakini Bruckner hakuishia kwenye Simfoni ya Nane. Katika miaka ya kabla ya onyesho hilo alizirudia pia Simfoni ya Tatu na ya Kwanza, ambazo zilikwisha kupigwa hadharani miaka mingi nyuma. Simfoni ya Tisa, aliyoianza 1887, ikawekwa kando. Alifariki Oktoba 11, 1896, sehemu ya nne ya simfoni hiyo ikiwa haijakamilika.

Ndiyo maana vijana wanaoniletea nyimbo zao nawasihi hivi: mtu anayekupenda akikwambia hajaelewa, msikilize, urekebishe wimbo ulio mezani. Zile zilizokwisha kuimbwa ziache ziende. Nguvu zilizobaki ni za wimbo unaofuata.