Stauti ya Uskoti: Usiihukumu bia kwa weusi wake

Wasee wengi huamini bia ikiwa nyeusi tii, basi ni kali. Wapi! Weusi wa stauti hutokana na nafaka iliyokaangwa sana, hasa shayiri, kama buni ya kahawa. Ukali ni suala la kiwango cha pombe, na hicho husomwa kwenye lebo.

Chukua mfano wa Belhaven Scottish Stout kutoka Dunbar, mji wa pwani ya mashariki mwa Uskoti, ambako kiwanda hicho kimekuwepo tangu 1719. Hii ina asilimia 7.

Unaionjaje? Isiwe baridi kama barafu. Baridi kali huua ladha. Inamisha glasi, mimina polepole, kisha angalia povu: liwe zito, la hudhurungi, lisiyeyuke upesi. Nusa kwanza. Utapata kahawa, chokoleti nyeusi, mkate uliobabuka. Sasa piga funda dogo, uliache ulimini. Stauti poa huanza na utamu wa kimea, kisha uchungu wa kukaangwa unaukata. Ikiacha ladha ya jivu au siki, imefeli.

Chunga tu: utamu huo huficha pombe. Chupa moja yatosha, na gari liache. Hujafika miaka 18? Ishia kusoma.