Gari la Porini Katika Barabara Kuu

Mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno haya 4: upepo, shehena, mteremko, usingizi. Yote tutakutana nayo leo.

Somo letu ni juu ya safari ndefu ya gari la porini, yaani gari kama Land Rover au Land Cruiser, linaloweza kuvuta kwa magurudumu yote 4. Tunalijua sana vijijini. Hubeba wagonjwa, mbolea na watu wa arusi. Hupita matopeni mahali ambapo magari mengine hukwama. Kwa hiyo watu wengi hudhani ya kuwa gari lililoshinda matope haliwezi kushindwa na lami. Dhana hiyo ni ya hatari. Tuone kwa nini.

Tufikiri safari ya kutoka Dar es Salaam mpaka Mbeya, kwa njia ya Morogoro, Mikumi na Iringa. Ni mwendo wa zaidi ya kilometa 800.

Kwanza, upepo wa tairi. Dereva anayepita mchangani hupunguza upepo ili tairi litandae, lisizame. Ni akili njema. Lakini akifika kwenye lami, lazima aurudishe. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja kila linapozunguka, na kule kujikunja huleta joto. Mwendo ukiwa mkali na shehena ikiwa nzito, joto huzidi, na tairi huweza kupasuka. Kipimo cha upepo huandikwa katika kitabu cha gari, na mara nyingi katika kibandiko kilicho mlangoni kwa dereva. Pima asubuhi, tairi likiwa baridi.

Tena soma ubavuni mwa tairi. Tafuta herufi DOT, kisha tazama tarakimu 4 za mwisho. Zikiwa 2319, tairi lilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2019. Tairi la zamani hudhoofika hata kama meno yake ni mazima.

Pili, kuvuta kwa magurudumu yote. Katika kona, magurudumu ya mbele huenda njia ndefu kuliko ya nyuma. Matopeni haidhuru, kwa kuwa magurudumu huteleza. Katika lami kavu hayatelezi, na nguvu yote huangukia gia na vyuma vya chini ya gari mpaka viharibike. Basi kama gari lina mkono wa kuchagua, lami kavu ni ya magurudumu 2 tu. Magari mengine yameundwa kuvuta kwa yote 4 siku zote. Kitabu cha gari kitakuambia.

Tatu, kimo na shehena. Mtu aliyejitwika debe la maji hageuki kwa ghafula. Gari la porini nalo ni refu kwenda juu, na likikatwa kona kwa kasi hupinduka upesi kuliko gari fupi. Mizigo mizito ikae chini, ndani ya gari, wala si juu ya keria. Na kila mtu afunge mkanda.

Nne, mwendo. Dereva akitoka kilometa 40 kwa saa akafika 80, mwendo umezidi mara 2. Lakini tangu breki kukamata mpaka gari kusimama, gari litahitaji nafasi mara 4. Huko Mikumi barabara hukata katikati ya hifadhi ya wanyama, iliyoanzishwa mwaka 1964. Tembo na twiga huvuka. Ukiona kibao cha kupunguza mwendo, kitii.

Tano, mteremko. Mkielekea Mbeya, mlima Kitonga mtaupanda. Wakati wa kurudi mtaushuka, na hapo ndipo penye kazi. Dereva akikanyaga breki tangu juu mpaka chini, hupata moto na kuacha kukamata. Aingize gia ya chini kabla hajaanza kushuka, injini ilizuie gari.

Mwisho, usingizi. Gari lendalo kilometa 80 kwa saa hupita meta 22 kila sekunde. Dereva akisinzia kwa sekunde 3, gari limekwenda meta 66 bila mtu wa kuliongoza. Apumzike kila baada ya saa 2.

Huenda wewe si dereva. Lakini utapanda gari hilo, wewe na watoto wako. Sasa unajua kusoma: kibandiko cha mlangoni, namba ya tairi, kibao cha njiani. Usione haya kusema kwa adabu, “Ndugu dereva, tupime upepo kwanza,” au “Tupumzike kidogo.” Dereva mwema hatakasirika. Nguvu ya gari ni ya kulitoa matopeni. Usalama wa safari hutoka kwa watu waliomo ndani yake.

Maswali ya darasani

1. Kwa nini tairi lenye upepo mdogo huweza kupasuka?
2. Tairi lenye tarakimu 4122 lilitengenezwa lini?
3. Mizigo mizito iwekwe wapi, na kwa sababu gani?
4. Dereva afanye nini kabla ya kushuka Kitonga?