Nyumba Inauzwa, Lakini Ujirani Hauuzwi



Jumamosi moja, kisha mukutano wa vijana, tulibaki watu saba chini ya baraza ya kanisa, tukingojea mvua ipungue. Kijana mumoja alikuwa anatuelezea namna alivyosimama siku tatu katika mustari kwa kutafuta pasipoti. Akaniuliza: «Pasta, Wazungu nao wanapangaka mustari juu ya makaratasi? Ao wao wanapitaka tu?» Wote wakacheka, sababu waliona kama jibu linajulikana.

Nikawajibu kwamba kuna Wazungu maelfu na maelfu, watu wa Uingereza, walioomba karte ya kukaa, kwa kuogopa kupoteza haki ya kuishi katika nyumba walizonunua kwa feza yao wenyewe. Tena ni katika inchi ya Wazungu wengine, Ufaransa. Hawakunisadiki. Ndiyo maana ninaandika habari hii. Siandiki kwa kucheka watu. Ninaandika kwa sababu mambo yaliyowapata yanagusa hata jamaa zetu, sisi watu wa mine, tunaoishi mbali na vijiji vya wazee wetu na tunaowaza siku moja kwenda kujenga mahali pengine.

Vijiji vilivyobaki bila watu

Kule Ufaransa, sawa vile hapa kwetu, vijana waliacha mashamba wakaenda kutafuta kazi katika miji. Nyumba za mawe, zenye kuta nene na gala kubwa, zilibaki na wazee peke yao, nyuma zikafungwa. Kwa upande wa Uingereza, nyumba zilikuwa za bei kubwa sana. Mutu aliyeuza nyumba ndogo katika muji wa kwao aliweza kununua nyumba kubwa na shamba kule Dordogne, Charente, Haute-Vienne ao Bretagne, na kubakia na feza kidogo mukononi. Mwaka wa 1994 njia ya treni chini ya bahari ilifunguliwa kati ya inchi hizi mbili. Kisha ndege za bei ndogo zikaanza kutua Limoges na Bergerac. Hesabu ya mwaka wa 2016 ilionyesha Wangereza karibu 148 000 wenye kukaa Ufaransa.

Tena hawakuwa wa kwanza. Tangu 1154 mpaka 1453 wafalme wa Uingereza walitawala sehemu kubwa ao ndogo ya Aquitaine, ile inchi ya kusini-mangaribi ya Ufaransa. Zamani walikuja na mikuki. Siku hizi wanakuja na ndoo za rangi na nyundo, kutengeneza nyumba ambazo wenyeji walizichoka.

Karte ya kukaa

Wakati Uingereza ilikuwa ndani ya Umoja wa Ulaya, Mungereza aliweza kukaa Ufaransa bila viza, kutumika, hata kupiga kura katika komini. Tarehe 23 mwezi wa 6 mwaka wa 2016, watu wa Uingereza walichagua kutoka katika Umoja ule. Inchi yao ilitoka tarehe 31 mwezi wa 1 mwaka wa 2020, na sheria za zamani ziliisha mwisho wa mwaka ule.

Wale waliokuwa wanakaa Ufaransa mbele ya ile siku walipashwa kuomba karte mupya, mwisho tarehe 30 mwezi wa 9 mwaka wa 2021. Mutu aliyejulikana na kijiji kizima sasa alikuwa anatafuta fakture za umeme na karatasi za kodi, ili biro isadiki kama anaishi pale. Leo Mungereza anayetaka kuhamia kule anaomba kwanza viza ya siku nyingi, na anaonyesha kwamba ana feza za kumutosha na asiransi ya ugonjwa. Na yule mwenye nyumba ya likizo, kama hana viza, hawezi kukaa zaidi ya siku 90 katika kila siku 180. Nyumba ni yake, ufunguo ni wake, lakini siku ya 91 inapashwa kumukuta inje ya inchi.

Jambo lingine liliuma moyo. Wangereza zaidi ya 700 walikuwa washauri katika mabaraza ya komini kule Ufaransa. Majirani wao ndio waliowachagua. Katika uchaguzi wa mwezi wa 3 mwaka wa 2020 hawakuweza tena kusimama wala kupiga kura, isipokuwa wale waliopata uraia wa Ufaransa. Meya wengine walipoteza washauri waliozoea kuamini.

Choo, kuni na bunduki

Tusizani kwamba maisha ya kijijini Ulaya ni kubonyeza kitufe tu. Katika vijiji vingi vidogo bomba la muji la maji machafu halifiki. Maji ya choo na ya jikoni yanaingia katika fose septike, sawa vile kwetu. Ndani ya fose kuna vijidudu vinavyokula uchafu. Ukimwaga javel nyingi, unaviua, na harufu inakuamsha usiku. Tena sheria inaangalia: mwenye kuuza nyumba anatoa ripoti ya fose isiyopita miaka 3, na kama fose ni mbaya, mununuzi anapewa mwaka 1 wa kuitengeneza. Watu wengi walifurahia bei ndogo ya nyumba, kumbe fose mupya ilikuwa inawangojea na maelfu ya euro.

Kisha kuna baridi. Kuta za mawe ni nzuri wakati wa jua, lakini mwezi wa 1 zinauma mifupa. Wengi wanawasha jiko la kuni. Kuni zinauzwa kwa stere, ndiyo kuni zilizopangwa kwa urefu, upana na kimo cha metre 1. Mugeni ananunua kuni mbichi bila kujua, naye jirani anatikisa kichwa: kuni za mwaloni zinaomba karibu miaka 2 ya kukauka. Kuni mbichi zinaleta moshi, moshi unaleta masizi katika bomba, na masizi yanaweza kushika moto. Ndiyo maana bomba linasafishwa kila mwaka, na asiransi inaomba karatasi ya fundi aliyelisafisha.

Na tangu mwezi wa 9 mpaka mwezi wa 2 wawindaji wanaingia katika misitu. Watu wanavaa nguo za rangi kali ili waonekane. Si muchezo. Mwezi wa 12 mwaka wa 2020, katika departema ya Lot, kijana mumoja mwenye asili ya Uingereza na Ufaransa aliuawa na risasi ya muwindaji wakati alipokuwa anakata kuni karibu na nyumba yake.

Neno moja la bonjour

Lakini fose inatengenezwa, na kuni zinakauka. Muzigo muzito zaidi ni luga.

Inaanza na neno dogo. Katika kijiji cha Ufaransa, mutu anayeingia katika duka la mukate ao katika chumba cha kungojea munganga bila kusema «bonjour» anahesabiwa kama hana adabu. Mama zetu hawatashangaa. Mugeni aliyezoea duka kubwa la muji, mahali watu wanachukua vitu na kulipa kimya, anaona nyuso zimefungwa, naye anafikiri: «Hawanipendi.» Kumbe wao wanafikiri: «Huyu hatusalimii.»

Watoto wanapenya upesi. Wakiingia shule ya kijiji, kisha mwaka mumoja wanakuwa wakalimani wa baba na mama mbele ya biro. Watu wakubwa wanachelewa. Wengi wanajua maneno ya kununua mukate na ya kusifu hali ya hewa, nao wanatosheka hapo, sababu bibi ao bwana anajua zaidi, ao rafiki zao wote ni Wangereza.

Siku ya ugonjwa inaonyesha ukweli. Wazee wengi wa pansioni wanatunzwa vizuri: Uingereza inalipa Ufaransa garama yao, nao wanapewa Carte Vitale ya rangi ya kijani. Kumuona munganga wa kawaida kunaomba euro 30, na karibu 70 kwa mia ya feza ile inarudishwa. Mutuele inalipa ile inayobaki. Lakini vijiji vingi vinakosa waganga, na kupata munganga anayepokea wagonjwa wapya ni kazi. Na usiku, kifua kikibana, mutu anapiga simu namba 15. Sauti inamuuliza: anaumwa wapi, tangu saa ngapi, nyumba iko njia gani? Katika simu hakuna mikono ya kuonyesha. Pale ndipo maneno ya kununua mukate yanakwisha.

Feza na urizi

Wengi wanapokea pansioni kwa paundi na wanakula kwa euro. Mwaka wa 2007 paundi 1 ilileta euro zaidi ya 1,40. Mwisho wa mwaka wa 2008 ilikaribia kuwa sawa na euro 1. Pansioni haikupunguzwa hata sumni huko Uingereza, lakini mezani ilikuwa imekatwa karibu sehemu moja kwa tatu. Mutu yeyote wa kwetu aliyelipwa kwa franka na kununua kwa dola anaelewa bila kufundishwa.

Tena kuna notere. Mununuzi wa nyumba ya zamani anaongeza karibu 7 ao 8 kwa mia juu ya bei, kwa ajili ya kodi na kazi ya notere. Kisha kutia sahihi mapatano ya kwanza, ana siku 10 za kubadilisha mawazo. Na juu ya urizi, Ufaransa haiachi muzazi afanye anavyotaka: mutoto mumoja ana haki ya nusu ya mali, watoto wawili sehemu 2 kwa 3, watoto watatu ao zaidi sehemu 3 kwa 4. Uingereza inaacha mutu aandike mapenzi yake karibu namna anavyotaka. Tangu 2015 mugeni aliweza kuchagua sheria ya inchi yake, lakini sheria ya Ufaransa iliyoanza mwezi wa 11 mwaka wa 2021 inawapa watoto walioachwa inje njia ya kudai fungu lao juu ya mali iliyo Ufaransa. Jamaa zenye watoto wa ndoa mbili zinapashwa kuuliza notere mapema, si kando ya jeneza.

Wanaobaki na wanaorudi

Wako wanaoishi kule miaka 30 kwa furaha. Ukiwachunguza, utaona kitu kimoja: walijifanya watu wa pale. Waliingia katika kamati ya sikukuu ya kijiji, wakabeba meza na viti, wakaimba katika kwaya, wakampa jirani masomo ya Kiingereza, naye akawapa ya Kifaransa. Wengine walipata kitulizo katika ibada ya luga yao: Kanisa la Anglikana lina jimbo la Ulaya, na mahali pengi linakusanyika ndani ya makanisa ya Wakatoliki, waliyoazimwa. Ni vizuri. Lakini ibada ni saa moja na nusu, na juma lina siku saba. Mwenye kushinda na Wangereza wenzake tu anaishi Ufaransa kama mutu aliye katika stasio, akingojea treni.

Wengine wanauza na kurudi. Mara nyingi ni wakati mumoja wa ndoa anakufa, yule aliyeendesha motokari ao aliyejua luga. Yule anayebaki ana nyumba nzuri mahali basi haipiti, na hana kinywa.

Ndugu musomaji, mimi nilimuona mutu wa namna ile, na hakuwa Muzungu. Baba yangu alitumika katika mine karibu miaka 30. Alijenga katika kijiji cha baba yake, kule Lomami: matofali ya kuchoma, mabati, saruji chini. Mama alizaliwa kambini, na luga yake ni Kiswahili. Wakati wa likizo alikwenda kule juma mbili, wanawake walimwimbia, akarudi. Kisha pansioni wakahamia. Baba ndiye alikuwa kinywa chake kwa Kisonge. Baba alipokufa, mama alikaa miezi mitatu. Nilipofika, nilimukuta katika kivuli cha nyumba ile nzuri, anasemesha kuku. Akaniambia: «Mwanangu, watu wa hapa ni wazuri. Kila asubui wananiuliza kama nimelala muzuri, na mimi sina maneno ya kusema hapana.»

Tulimurudisha. Nyumba imefungwa mpaka leo.

Kwa hiyo, mbele ya kununua mabati, jamaa ifanye mambo haya:

1. Bibi na bwana wote wawili wajifunze luga ya mahali wanapokwenda, wakingali na nguvu.
2. Wakae pale wakati wa mvua na wa njaa, si wakati wa sikukuu tu.
3. Wajue barabara, maji na lupitalo viko umbali gani kwa mutu wa miaka 75 asiye na motokari.
4. Makaratasi ya shamba na ya urizi yaandikwe wakati wote wawili wako wazima.
5. Wasalimie majirani kwanza, bila kungojea wao.

Maulizo ya kuzungumza nyumbani

Kama mumoja wetu akibaki peke yake, atakaa wapi, na atasema na nani? Katika njia yetu, nani ni mugeni asiyejua luga yetu, na ni nani kati yetu aliyekwisha kumupa salamu juma hili?