Kisu cha Kujalidia Vitabu

Siku moja nilijalidi kamusi ya darasa letu, nayo ilikuwa moja tu kwa wanafunzi wote. Nilipotaka kusawazisha kingo za kurasa nilitwaa kisu cha jikoni. Hakikukata, bali kilirarua, na maneno ya ukingoni yakapotea. Hapo nilijua ya kuwa mwenye kujalidi vitabu yampasa awe na kisu cha kazi hiyo, nacho chaweza kufanyizwa nyumbani.

Tafuta tupa kuukuu iliyo pua ndani na nje. Maana tupa nyingine ni chuma laini kilichotiwa ugumu juu tu, nazo hazifai. Tupa ni ngumu mno, haikubali kuchongwa, basi kwanza ilainishe. Itie katika makaa, uvukute mpaka iwe nyekundu na sumaku isiinase tena. Kisha ifukie katika majivu makavu, ipoe polepole usiku kucha. Asubuhi utaweza kuichonga kwa tupa mpya.

Ondoa meno yote, kwa kuwa jino lililobaki huwa mwanzo wa ufa. Kata ncha mshazari. Makali yachonge upande mmoja tu, na upande wa pili uwe bapa kabisa, upate kulala sawasawa juu ya rula ya chuma. Kisu kilichochongwa pande mbili huelekea kwenda kando. Lakini usiyamalize makali sasa. Yaache na unene kidogo, yasipinde motoni.

Kisha kitie kisu maji, kama wasemavyo wahunzi, ijapokuwa hapa twatumia mafuta. Kipashe tena mpaka kiwe chekundu na sumaku isikinase, ukishike kwa koleo, ukitumbukize wima katika kopo la mafuta ya kupikia. Fanya hivi nje ya nyumba, na kifuniko cha kopo kiwe karibu, maana mafuta yaweza kuwaka. Yakiwaka, yafunike, usiyamwagie maji.

Sasa kisu ni kigumu, lakini ni kama kioo. Changu cha kwanza nilikiacha hivyo, kikavunjika ncha siku ile ile. Basi kisugue kwa msasa mpaka king'ae, ukilaze mgongo wake juu ya bamba la chuma lenye moto, utazame rangi. Ikifika makalini rangi ya majani makavu, kitie katika maji mara moja. Ukichelewa hata rangi ya buluu, kimekuwa laini mno, na kazi yataka kuanzwa upya.

Mwisho kinoe juu ya kinoo, na upande ulio bapa uuguse kidogo tu. Ukatapo, usikandamize, pitisha kisu mara nyingi kwa mkono mwepesi. Karatasi itakatika pasipo kuraruka, na kitabu kilicho kimoja tu hakitaharibiwa na mkono uliotaka kukiponya.